Njia Niliyoiacha

Njia ile niliifyeka kwa wiki tatu, peke yangu, kwa panga na msumeno wa mkono. Ilianzia nyuma ya nyumba ikateremka moja kwa moja hadi kwenye kijito kilicho chini ya msitu wetu. Ukisimama juu uliyaona maji yakimeta kule chini, katikati ya miti, na mimi uzuri wake niliuona katika unyoofu huo. Nilifunga kamba kwenye mti wa juu, nikaivuta hadi mti wa chini, na chochote kilichokuwa kati ya miti hiyo miwili nilikiondoa: vichaka, miche, majani yaliyooza, hata mizizi midogo iliyojitokeza. Jioni nilikuwa natoka kwenda kuitazama tu.

Mjomba alikuja kututembelea mwanzoni mwa mvua. Usiku wa kwanza ilinyesha mvua kubwa, ile ambayo hata ukiongea chumbani husikiki. Kulipopambazuka yalikuwa yamebaki manyunyu. Nilipofungua mlango nilimkuta nje, ameshavaa viatu vya mvua na ameshika jembe langu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Haya, nionyeshe hiyo njia yako."

"Si tungoje ikatike kwanza?"

"Ikishakatika tutaona nini? Njia hukaguliwa inaponyesha."

Tulizunguka nyumba, nikaiona kabla yeye hajasema neno. Maji mekundu yalikuwa yanapita katikati ya njia yangu kwa kasi, yamejichimbia mfereji unaofika kifundo cha mguu, na sehemu moja unaofika nusu ya goti. Kokoto zilikuwa zimeoshwa zikabaki wazi. Mizizi ya mti mmoja mkubwa ilining'inia hewani, myeupe, kama vidole visivyowahi kuona jua. Hatua mbili tu pembeni, ndani ya msitu, ardhi ilikuwa imelowa lakini imetulia, na maji hayakuonekana yakitiririka popote.

Mjomba aliokota jani moja bichi akaliweka juu ya maji. Tukaanza kulifuata. Lilizunguka jiwe, likakwama kidogo kwenye mzizi, likajinasua, likaendelea. Tuliteremka nalo hadi kijitoni na halikutoka nje ya njia hata mara moja.

"Umeona?" akasema. "Maji hutafuta mteremko mkali kuliko yote, na wewe umeyafyekea huohuo. Halafu ukayaondoa majani makavu na mizizi iliyokuwa inayapunguza mwendo."

Sikumjibu. Nilikuwa nahesabu siku zangu.

Wakati wa kurudi juu ndipo nilipoteleza. Mguu ulikwenda nyuma, nikaanguka kwa mikono, na kiganja changu cha kushoto kikatua kando kabisa ya kisiki cha mche niliokuwa nimeukata kwa panga, mshazari, urefu wa shibiri moja kutoka ardhini. Ncha yake ilikuwa kali kama mkuki. Ingekuwa upana wa vidole viwili upande huu, ingenipenya. Vilikuwepo visiki vya namna hiyo pande zote mbili za njia, kwa makumi, na vyote nilivichonga kwa mkono wangu. Mjomba aliniinua, akakipapasa kile kisiki kwa kidole gumba, akatikisa kichwa. Aliniambia mche hukatwa sawasawa na ardhi au hung'olewa na mizizi yake, basi. Mpaka leo, nikiona kisiki chenye ncha kwenye njia ya mtu yeyote, nasimama nakikata.

Nilimwuliza kama tungeweza kuitengeneza, labda kwa kulaza magogo ya kukinga maji. Akasema kinga maji husaidia njia yenye mteremko wa wastani, ikilazwa mshazari ili maji yatoke pembeni. Kwenye mteremko kama ule maji yangeyazunguka magogo au yangechimba chini yake, na ningekuwa mtu wa kurudia kazi hiyo kila msimu. Njia ilipaswa kuhamishwa. Kusema kweli iliniuma, na nadhani aliliona hilo, maana hakunihimiza. Alikwenda kukata fito.

Zilikuwa fito tatu. Mbili zilikuwa ndefu, akazifunga pamoja juu na kuzitanua chini hadi miguu yake ikaachana mita 2 kamili. Ya tatu akaifunga katikati kwa kulala, ikawa umbo la herufi A. Kutoka kileleni akaning'iniza uzi wenye jiwe. Akaisimamisha, akatia alama pale uzi ulipogusa ule ufito uliolala. Kisha akaigeuza, mguu wa kulia ukae mahali pa wa kushoto, akatia alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili akachonga mkato: uzi ukitulia hapo, miguu yote miwili iko usawa mmoja. Nilishangaa kwamba kifaa chenye ukweli namna ile kinaweza kutoka kichakani ndani ya nusu saa.

Halafu akafungia kipande cha mti cha sentimita 20 chini ya mguu mmoja. Sasa uzi ukikaa kwenye mkato, mguu wenye kile kipande umesimama mahali palipo chini kwa sentimita 20 kuliko mwenzake, yaani kila mita 10 njia inashuka mita 1. Kilima chetu tulipokipima kilikuwa kinashuka kama mita 3 kwa kila mita 10. Kanuni ya mjomba ilikuwa kwamba mteremko wa njia usizidi nusu ya mteremko wa kilima chenyewe, la sivyo maji huiona njia ndiyo mkondo. Tulikuwa ndani ya kipimo, tena kwa nafasi nzuri.

Tulitembea na ile A mchana kutwa, tukichomeka vijiti. Mstari uliokuwa unajitokeza haukufanana kabisa na wangu. Uliambaa na tumbo la kilima, ukageuka, ukarudi, ukapita chini ya miti ambayo sikuwahi kuisogelea kwa sababu haikuwa kwenye kamba yangu. Kwenye kona ya pili tulikuta mwamba wenye kuvu za kijani, mkubwa kama chumba. Nilikuwa nimeishi hapo miaka minne bila kujua kama upo.

Kuchimba kulituchukua siku zilizofuata. Tulikata kilima upande wa juu, tukakifanya kitanda cha njia kiinamie kidogo upande wa bondeni, kama sentimita 5 kwa upana wa mita, ili maji yakate njia na kuteremka zake badala ya kusafiri nayo. Kila baada ya hatua 20 hivi tuliacha kibonde kidogo, njia inapanda kidogo kabla ya kuendelea kushuka. Matawi tuliyapogoa hadi juu ya mkono ulioinuliwa, kwa sababu tawi likilowa hushuka, na tulikuwa tunaliona hilo kwa macho yetu. Hapo nilijifunza jambo jingine: kwanza unakata kidogo kutokea chini, ndipo unakata kutokea juu, na unaiacha ile pete iliyovimba pale tawi linapoungana na shina, kwa kuwa ndiyo inayofunga kidonda. Mimi nilikuwa nimechana magome ya miti mingi kwa kutojua hilo.

Njia ya zamani tuliifunga siku ya mwisho. Tulilaza magogo kukatiza mfereji, tukayabana vizuri kwenye udongo, tukajaza matawi na majani kati yake. Mjomba alinipa nafasi ya kulaza gogo la juu kabisa, lile la nyuma ya nyumba. Baada ya hapo kijito hakikuonekana tena.

Alipoondoka ilikaa siku sita bila mvua, kisha ikanyesha alasiri. Nilitoka hukohuko mvuani. Kwenye kona ya kwanza maji yalikuwa yanakata njia kama utando mwembamba na kupotelea majanini. Ya pili hivyohivyo. Chini ya mwamba, kile kibonde kilikuwa kimeziba kwa majani na maji yameanza kutuama, yakitafuta pa kwenda, na uzi mmoja mwekundu ulikuwa umeshaanza kuifuata njia. Nikachimba kwa kisigino ukingoni. Yakasita, yakapata tundu, yakatoka. Nikarudi nyumbani kuchukua jembe.