Kupima aromatiki za dizeli: yote yako kwenye vali

Dizeli ina maelfu ya hidrokaboni, na hakuna kolamu (bomba lililojazwa chembe zinazotenganisha vitu vinapopita) itakayozitenga moja moja. Kipimo cha EN 12916, cha viwango vya Ulaya, hakijisumbui na hilo. Kinazipanga kwa idadi ya pete za aromatiki, yaani pete za kaboni kama ile ya benzini: zisizo nazo, zenye moja, mbili, kisha tatu na kuendelea. Umoja wa Ulaya hautaki zenye pete mbili na zaidi zizidi asilimia 8 kwa uzito.

Pima gramu 1 hivi ya dizeli, jaza heptani (kiyeyushi) hadi mililita 10, ingiza mikrolita 10. Heptani itoke kwenye chupa ileile inayolisha pampu, la sivyo kwenye grafu utaona vilele (miinuko inayoonyesha kitu kinatoka) visivyo vya dizeli. Kolamu ni ya silika yenye kundi la amino, mtiririko mililita 1 kwa dakika. Kigunduzi husoma jinsi mwanga unavyopinda, na hakivumilii joto kuchezacheza: kiyoyozi kikipuliza juu yake, mstari wa chini wa grafu haukai.

Sasa vali, kifaa cha kugeuza mwelekeo wa mtiririko ndani ya kolamu. Zenye pete tatu zikiachwa zitoke zenyewe, hutapakaa hadi kuzipima ni vigumu. Kwa hiyo kwenye mashine zenye vali hiyo mtiririko hugeuzwa, zikatolewa kinyumenyume kwa mkupuo, kilele kimoja. Ukigeuza mapema, baadhi ya zenye pete mbili zinahesabiwa kama za tatu. Ukichelewa, kinyume chake. Ubaya ni kwamba jumla ya makundi hayo mawili inaweza isibadilike sana, kosa likapita bila kuonekana. Muda sahihi wa kugeuza uko kati ya kutoka kwa kemikali mbili, dibenzothiofeni na 9-methylianthraseni, kwa hiyo pitisha kemikali hizo kama sampuli za kulinganishia kila unapofungua chupa mpya ya heptani.

Kwa nini kila chupa? Unyevu. Maji kidogo tu hukamata sehemu za amino, kolamu ikapunguza nguvu ya kushika, kila kitu kikatoka mapema. Muda wa wiki iliyopita unakuwa umechelewa, ingawa hujagusa kitu. Angalia pia kama dizeli ina biodizeli: esta zake hutoka jirani na pete tatu na kuipandisha hesabu hiyo.

Kolamu ikichafuka, usiioshe kwa asetoni kamwe. Hushikana na amino kikemia. Tumia dikloromethani, kisha rudisha heptani hadi mstari utulie.