Mbwa wa haradali na kopo la udongo

Jana baada ya Isha, barazani kwetu Ngamiani, Tanga, nilitoa simu nikawaonyesha picha ya Angus. Shangazi aliyekuwa anasuka ukili aliitazama kwa mbali akauliza, "Huyo mbwa au kondoo aliyekatwa miguu?" Mjomba akasema yeye anaona fenesi lenye macho. Mama hakucheka. Alingoja wenzake wamalize, kisha akaniuliza lile aniulizalo kwenye simu kila Ijumaa, huu mwaka wa tatu: "Na unaosha mara saba?"

Naosha, mama.

Kwa msionijua, mimi ni mtoto wa Barabara ya 12, na siku hizi naishi Selkirk, kimji cha vilimani kusini mwa Uskoti, nahudumia wazee majumbani mwao. Mmoja wa wazee wangu ni bibi wa miaka 84. Kwenye karatasi ya kazi waliandika "ana mbwa mdogo", basi. Hawakuandika kwamba mbwa huyo, ndiye Angus, hulala kitandani kwa bibi, wala kwamba kumbeba kupanda na kushuka ngazi kungekuwa juu yangu.

Mimi mbwa nilimjua kwa sauti tu, kule Raskazone, nyuma ya mageti yenye kibao cha "Mbwa mkali". Babu yangu alikata mkonge ujana wake wote, akaenda kaburini na kovu la meno ya mbwa wa bwana shamba kwenye shavu la mguu. Chuoni nako maalim alishatufunza: mate ya mbwa yakikugusa, au manyoya yake yakiwa maji, osha mara saba, moja kwa udongo. Kavu kwa kavu hakuna neno. Ni sheria inayofuatika vizuri sana Tanga. Selkirk, kwa mvua ile, mbwa mkavu sijui utamtoa wapi.

Siku ya kwanza nilibonyeza kengele, ndani ikatoka sauti nzito ya jibwa la kulinda ghala. Nikarudi kinyumenyume mpaka getini. Mlango ulipofunguka akatoka kiumbe kisichofika gotini. Mwili mrefu kama takia, miguu ya mbele mifupi kuliko ya nyuma, kichwa kikubwa kupita kiasi, na juu ya kichwa kishungi cha nywele laini nyeupe, utadhani kavalishwa kofia ya pamba. Macho makubwa, meusi, ya mtu mzima. Alinikagua toka viatu mpaka ushungi, akageuka akarudi ndani. Hakunikimbilia, hakunilamba. Nilimpenda kidogo kwa hilo, ingawa sikukiri kwa mtu.

Jina la aina yake ni Dandie Dinmont Terrier, na hapa ndipo baraza la jana lilipochangamka. Mwaka 1815 mwandishi Walter Scott alitoa riwaya ambayo ndani yake kuna mkulima wa mpakani mwa Uskoti na Uingereza aitwaye Dandie Dinmont. Mkulima huyo ana mbwa wa aina ya teria chungu nzima na wote amewapa majina mawili tu, Pilipili na Haradali: Pilipili mzee, Haradali mzee, Pilipili kijana, Haradali kijana, hivyo hivyo mpaka watoto. Watu wakaisoma, wakaanza kuwaita mbwa wa sehemu zile kwa jina la mtu wa hadithini. Kulikuwa pia na mkulima wa kweli, James Davidson wa Hindlee, aliyekuwa na mbwa wenye majina hayohayo, watu wakamwona ndiye Dandie mwenyewe. Scott alikuwa hakimu pale Selkirk, na sanamu yake imesimama katikati ya mji. Kila nikienda dukani napita chini yake.

Mpaka leo rangi zinazokubalika ni hizo mbili. Pilipili ni pilipili manga, toka weusi wa bluu hadi kijivu cha fedha. Haradali ni toka wekundu wa kahawia hadi manjano iliyopauka, na mtoto wake huzaliwa kahawia iliyokolea, rangi inamjia baadaye. Angus ni haradali. Na babu wa ukoo, ambaye wafugaji wanasema nasaba yote ya leo inarudi kwake, alizaliwa hapohapo Selkirk mwaka 1842, jina lake Old Ginger.

"Yaani Tangawizi Mzee?" Mjomba akauliza. "Hao wanafuga mbwa au wanapika pilau?"

Kazi yao ya zamani ilikuwa kuingia mashimoni kupambana na fisimaji na jamaa wa nyegere wa huko. Kazi imekwisha, fasheni imehamia kwa mbwa wengine, na Dandie sasa yumo kwenye orodha ya Kennel Club, chama kinachoandikisha mbwa Uingereza, ya mbwa wa asili walio hatarini, wale ambao watoto wanaoandikishwa hawafiki 300 kwa mwaka mzima. Paka wa soko la samaki pekee, naapa, wanazidi hapo.

Manyoya yake yamechanganyika, magumu na laini, na hayakatwi kwa mkasi. Yananyonyolewa. Unashika yaliyokufa kwa vidole, machache machache, unavuta kufuata yanakolala. Vidole vya bibi vimepinda kwa baridi yabisi, haviwezi tena, kwa hiyo alinifundisha mimi. Nilivaa glavu, nikamwambia kwetu hii ni kazi ya kuku, tena kuku kwanza anamwagiwa maji ya moto. Angus aligeuka akanitazama kama aliyeelewa.

Kuhusu udongo. Kipupwe cha kwanza ardhi iliganda, sikuweza kuchota hata kijiko bustanini, nikaanza kuweka akiba kwenye kopo la biskuti chini ya sinki. Bibi akalifungua akitafuta biskuti. Nilimweleza kwa aibu, nikidhani atanuna. Alinyamaza, kisha akasema neno teria lenyewe limetoka kwenye neno la Kifaransa la ardhi, kwa hiyo udongo na mbwa huyu ni watu wa nyumba moja. Wiki iliyofuata nilikuta kopo limejaa udongo uliokauka kando ya jiko, mlaini kama unga wa muhogo. Alikuwa ameuchekecha kwa chekecheo lake la keki, kwa vidole vile vile.

Mwenzangu kazini ni Msudani, wao wanamfuata Imamu Malik, na hunicheka kila anionapo na kopo langu. Kwao mbwa si najisi. Nikampelekea mama hoja hiyo kwenye simu. Akaniuliza, "Wewe umeolewa Sudan lini?"

Lile ambalo sikuwahi kumwambia mama, mpaka jana, ni la Machi iliyopita. Mgongo mrefu ule ndio udhaifu wao. Pingili zikiteguka mbwa anaweza kupooza. Ndiyo maana anabebwa ngazini, mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio, mgongo umenyooka. Hayo yote nayajua. Siku hiyo alikuwa juu ya kochi, mimi nikiwa mlangoni na kipande cha jibini mkononi, nikamwita. Akaruka. Akatoa mlio mmoja mwembamba, si ule wa ghalani, akabaki pale alipoangukia, miguu ya nyuma inatetemeka. Daktari wa wanyama aliagiza wiki sita ndani ya kizimba, asitoke ila kujisaidia. Bibi hakunilaumu hata kwa jicho. Wiki sita hizo nilikuwa nikimaliza Isha nakaa juu ya mswala naomba dua kwa ajili ya uti wa mgongo wa mbwa, huku nikitazama nyuma kana kwamba maalim atanikuta.

Alipona. Anatembea upande kidogo.

Barazani palikuwa kimya kwa muda. Shangazi akarudi kwenye ukili wake. Mama akakusanya vikombe vya kahawa akaingia ndani.

Leo asubuhi nimemkuta anafunga mzigo wangu. Ameweka pilipili manga robo kilo, tangawizi kavu, na karafuu kwenye kitambaa, kila kimoja fundo lake.

"Hii ya yule bibi," akasema. "Mwambie ni ya chai. Asije akawapa mbwa majina."