Wamebaki mlangoni

Kazi yangu ni kukata vipande vya nyama vilivyozamishwa kwenye nta, kila kimoja unene wa mikroni 4. Ukipiga chafya, kipande kimekwenda. Kinachosalia nakilaza kwenye slaidi na kukitia rangi mbili: hematoksilini, inayopaka viini vya seli zambarau, na eosini, inayoacha vingine vyote na waridi. Kisha slaidi inakwenda kwa daktari wa patholojia. Mimi, kwa umbeya tu, hutangulia kuchungulia.

Juzi zilikuja mbili za saratani ya umio, zote za uvimbe uliotolewa kwa upasuaji, hatua ileile. Ya kwanza ilikuwa na visiwa vya seli za saratani na vijidoa vyeusi vya duara kila upande, kama mbegu zilizomwagika. Hizo ni limfosaiti, seli nyeupe za kinga ya mwili. Nyingine zilikuwa zimeshajipenyeza ndani ya visiwa vyenyewe, zimebanana na seli za saratani bega kwa bega. Kwenye slaidi ya pili nazo zilikuwapo, tena si haba, ila zote zimerundikana nje. Wamefika, wamebaki mlangoni.

Tafiti nyingi za saratani ya umio zinaelekea upande mmoja: uvimbe ukijaa limfosaiti, hasa zile za aina ya T zenye alama ya CD8, ambazo huua seli mbovu, kwa wastani mgonjwa huishi muda mrefu zaidi. Nasema kwa wastani; mgonjwa mmoja si wastani. Wala si kila seli ya kinga inamfaa mgonjwa. Makrofeji, seli za kinga zinazomeza uchafu, zikiwa na alama ya CD163 huusaidia uvimbe kuota mishipa ya damu, na zikiwa nyingi mara nyingi habari si njema. Kuna pia T za FOXP3, ambazo kazi yake ni kuwatuliza wenzake. Kwa rangi zangu mbili, T hizo na zile za CD8 ni vijidoa vilevile. Kuzitenganisha lazima kingamwili inayonasa alama husika, na rangi ya kahawia ya kuionyesha.

Kinachoniudhi ni kuhesabu. Mwenzangu aliiangalia slaidi ya kwanza akasema limfosaiti zimechukua asilimia 50 ya tishu iliyo kati ya visiwa. Mimi nikasema 30. Tukabishana, tukarudia. Kumbe nilikuwa nimejumlisha na sehemu iliyokwisha kufa, ambayo haihesabiwi. Tukakubaliana 45, yeye akitabasamu kupita kiasi.

Ubishi huu si wa mchezo siku hizi. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya CheckMate 577, kwa wagonjwa wa saratani ya umio, au ya pale umio unapoungana na tumbo, waliopewa kemo na mionzi, wakapasuliwa, na bado mabaki ya saratani yakaonekana. Kwa waliopewa nivolumab, muda wa kati wa kuishi bila ugonjwa kurudi ulikuwa miezi 22.4, kwa waliopewa dawa bandia, 11. Dawa hiyo haiushambulii uvimbe wenyewe. Inaifungua breki ya PD-1 iliyomo kwenye T, kwa hiyo ni muhimu T ziko wapi.

Ripoti zikarudi: kina cha uvimbe, tezi za limfu, kingo za upasuaji. Zilifanana karibu neno kwa neno. Kwenye ya kwanza daktari alikuwa ameongeza chini kabisa, kwa mkono, “limfosaiti nyingi”. Kwenye ya pili hakuandika kitu.