Difu ya 4.3, nimeijaribu leo

Jamani leo gari yangu imetiwa difu mpya (zile gia za ekseli ya nyuma zinazopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu), furaha siwezi kukaa nayo peke yangu.

Toyota 86 yangu ya 2012, gia za mkono, ilikuja na difu ya 4.1, yaani shafti inazunguka mara 4.1 gurudumu likizunguka mara moja; namba ikiwa kubwa gari inaondoka kwa wepesi zaidi. Toyota wenyewe ile ya 2017 ya gia za mkono wakaitia 4.3, nami nikasema nitie hiyo hiyo.

Fundi kamaliza alasiri nikaishika njia ya Bububu mpaka Mahonda.

Mwanzo sikuhisi kitu, maana tofauti ni asilimia 5 hivi tu.

Lakini ile napita tuta niko gia ya pili nakanyaga mafuta... zamani ilikuwa inasita kidogo kama inafikiria, leo imeondoka tu! Wallahi nimegeuza nikalirudia tuta lile lile mara tatu.

Ila gia ya sita, pale mshale wa mizunguko ya injini kwa dakika ulipokuwa unasoma 3,000 sasa ni karibu 3,150, injini inasikika zaidi na petroli nayo itakwenda.

Kwa pesa niliyotoa, kama difu yako nzima mie naona anza na tairi nzuri kwanza. Difu yangu ya zamani ilikuwa ishaanza kulia.

Wenye gari hizi mnaonaje, mngebadilisha?