Mfupa huungwa na damu
Mdogo wangu alianguka na bodaboda, akatua kwa kiganja. Mkono haukuvimba sana, eksirei ya kwanza haikuonyesha kitu, na nyumbani kila mtu akasema achuliwe tu. Namshukuru sana yule daktari aliyembonyeza kwenye kishimo kilicho chini ya kidole gumba, akaona anavyoruka kwa maumivu, akamfunga plasta hapo hapo na kumwambia arudi baada ya wiki mbili. Picha ya pili ikaonyesha ufa kwenye skafoidi, mfupa wa kifundo cha mkono wenye ukubwa na umbo la korosho.

Nilimuuliza daktari maswali mengi. Mfupa ukivunjika, damu huganda penye ufa, kisha mishipa midogo huchipua ndani ya lile donge, ikileta oksijeni na seli zinazojenga gegedu na hatimaye mfupa mpya. Sasa skafoidi hupata damu yake nyingi kupitia upande wa vidole, ndipo irudi nyuma kuelekea kwenye kigasha. Ukikatika katikati, kipande cha nyuma kinaweza kukosa damu kikafa kabisa! Ndiyo maana plasta yake inaweza kukaa miezi.

Sigara amekatazwa pia, maana nikotini hubana mishipa ya damu. Jamani, mwenye ndugu aliyevunjika mfupa, mwachisheni sigara kwanza, supu ya makongoro baadaye. Wiki ijayo anapigwa picha nyingine, tuone kama ufa umeanza kuziba.