Aliniuliza kuhusu boti ya Goma

Jioni ya kuamkia operesheni, daktari wa usingizi alivuta kiti akakaa kando ya kitanda changu, hapa Bukavu, akaniuliza: "Mama, ukipanda boti ya kwenda Goma, unatapika?"

Nilikuwa nimeanguka na pikipiki kwenye matope, taya limevunjika pande mbili, hata kuongea kulikuwa kunauma. Nikakubali kwa kichwa. Natapika hata kabla hatujakipita kisiwa cha Idjwi. Nikadhani ananipigia soga tu ili hofu ipungue.

Kumbe alikuwa anahesabu. Mwanamke. Asiyevuta sigara. Mtu wa kutapika safarini. Atakayehitaji dawa za maumivu za jamii ya morfini. Asiye na hata moja kati ya haya, hatari yake ya kutapika baada ya operesheni ni kama 10 kwa 100. Mwenye yote manne, kama 80. Mimi nilikuwa nayo yote. Isitoshe, damu ya mdomoni hushuka tumboni, na tumbo halivumilii damu. Na meno yangu yangefungwa kwa waya, ya juu na ya chini pamoja. Kutapika huku mdomo umefungwa! Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Kwa hiyo alinipangia kinga mapema. Dawa mbili za kuzuia kutapika: deksametazoni mwanzoni, ondansetroni karibu na mwisho. Hakunilaza kwa gesi, maana huchochea kutapika, alitumia propofoli, dawa ya usingizi ya mshipani, muda wote. Waliniziba koo kwa kompresi, kitambaa cha shashi, wakaitoa mwishoni, na kabla sijaamka wakapitisha mrija kufyonza damu iliyofika tumboni. Taya walilipiga ganzi ili morfini iwe kidogo. Chakula niliacha masaa 6 kabla, lakini maji matupu niliruhusiwa mpaka masaa 2 kabla, nami nilikuwa nimezoea kusikia kwamba hata tone ni marufuku.

Nilipofumbua macho, kitu cha kwanza kuona kilikuwa koleo la kukatia waya, limefungwa kwa bendeji kwenye chuma cha kitanda, juu ya kichwa changu. Muuguzi alimwonyesha yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, waya zipi zikatwe nikishindwa kupumua, akamshikisha koleo mkononi ajaribu.

Usiku mate yalijaa ghafla, tumbo likapanda. Muuguzi aliniinamisha mbele. "Acha yatoke kati ya meno, mama, usiyameze. Pumua kwa pua." Akanichoma dawa nyingine, ya aina tofauti na zile za mchana. Yakatoka mate yenye wekundu, basi. Polepole tumbo likatulia.

Waya zilikaa wiki 5. Kaka yangu wa Goma alinipigia mara mbili akitaka niende nikapumzike kwake. Nilimwandikia kwamba boti sipandi mpaka mdomo ufunguke, na yaya alitembea na lile koleo kwenye mkoba hadi siku ya kufunguliwa.