Vilima Vitatu

Jana binti yangu alinikuta nikifinyanga vizibo vya masikio kabla ya kuingia majini. "Baba, unaogopa kelele za maji?" Nikamwambia naogopa baridi. Akanitazama bila kuelewa, maana maji yenyewe yalikuwa ya baridi na mimi nilikuwa nayaingia.

Sikio la kulia ndilo lililoanza. Nikiogelea alfajiri, maji yalibaki humo hadi jioni. Likatoa usaha, nikatia dawa ya matone, likapona, likarudia. Nilidhani ni nta.

Daktari wa masikio akaingiza kamera nyembamba, akanigeuzia skrini. Nikaona vilima vitatu vyeupe, laini, vinang'aa, vimesogeleana toka kila upande hata katikati pakabaki upenyo mwembamba kama mwezi mwandamo. Akakigusa kimoja kwa kijiti cha chuma, taratibu. Maumivu yakanipiga hadi jichoni, na ndani ya kichwa nikasikia ko! Sauti kavu.

"Huu ni mfupa," akasema. "Tena ni wako mwenyewe. Umeogelea kwenye maji baridi miaka mingapi?"

Sikuwa nimemtajia kuogelea.

"Kumi na minane."

Akanieleza kwamba huko ndani ngozi ni nyembamba mno, imelala juu ya mfupa moja kwa moja. Maji ya chini ya nyuzi 19 hivi, pamoja na upepo, yakiipiga mwaka baada ya mwaka, mfupa hujijenga polepole kuelekea katikati ya njia. Baadaye nikasoma kwamba mwaka 2019 watafiti walitangaza kuwa wameukuta uvimbe huohuo kwa karibu nusu ya Neanderthal 23, jamaa wa binadamu waliotoweka zamani sana, waliowachunguza. Nililala nikiwawaza watu wale wa kale, wamesimama majini wakitafuta riziki.

Upasuaji ulipita: nusu kaputi, keekee, majuma kadhaa bila kulowesha kichwa. La kushoto halijaguswa. Daktari alinionya kwamba nikirudi kwenye baridi bila kinga, hata la kulia laweza kuota tena.

Nikarudi. Bado sijapata maneno ya kumweleza mtu kwa nini.

Jana binti yangu aliomba tuingie wote. Nikamfinyangia vizibo vyake, nikamtia mwenyewe, kwa uangalifu kuliko ninavyojitia. Akasema kitu, midomo ikicheza. Nikainama, nikamgeuzia sikio la kulia, nikachomoa kizibo ili nimsikie.